Ile si sharubati, ni shira

Mwezi wa tatu shemeji yangu anayeishi Vermont, Marekani, alitutumia video kwenye kundi la familia. Pipa la chuma limekatwa ubavu, ndani moto wa kuni, juu yake trei mbili pana za stili, na mvuke unafuka uwanja mzima. Anapika maji ya mepo. Haikupita dakika, ndugu wakaanza: "Shem, tuwekee na sisi hiyo sharubati." Neno hilo nimelivumilia kwenye vipindi vya mapishi na kwenye vibandiko vya chupa madukani, ila kwa shemeji yangu nimeshindwa.

Maana yenyewe ni fupi. Mepo ni mti wa nchi za baridi, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Majira ya baridi yakielekea ukingoni, usiku barafu na mchana jua, shina likitobolewa kwa keekee hudondosha maji yenye sukari kiasi cha asilimia 2. Unakinga kwa ndoo, unachemsha. Lita 40 hivi zinakupa lita 1, nyingine zote zimekwenda na mvuke, ndiyo maana watu hupikia nje wasije wakalowesha dari. Hakitiwi kitu kingine. Hiyo lita moja iliyobaki, nzito, rangi ya chai ya rangi, ambayo kwa Kiingereza ni *maple syrup*, ndiyo tunayogombania jina.

Sharubati ni kitu cha kunywa. Limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi uleule wa kunywa, na kwetu ni ya ukwaju, ya ndimu, bilauri na barafu. Kosa lilianzia kwa wafasiri. Kutoka mzizi huohuo Waarabu walikuwa na *sharab*, na waganga wao waliliita hivyo hata dawa tamu ya maji. Vitabu vya tiba vikalipeleka kwenye Kilatini likawa *siropus*, Wafaransa wakasema *sirop*, Waingereza nao wakalichukua, na mwisho likaturudia dukani kwa mfamasia: sirapu ya kikohozi. Kwa hiyo sharubati na sirapu ni ndugu wa damu, na mfasiri alipowaona wamefanana sura akadhani ni mtu mmoja. Sasa hebu jaza bilauri kwa hicho alichopika shemeji, unywe mpaka chini, halafu uniambie.

Neno tunalo, na halikuhitaji kuundwa na baraza lolote. Muulize yeyote anayepika kaimati anazichovya kwenye nini. Shira. Ng'ambo, Oman na Ghuba nzima, wenye kaimati zao nao wanasema shira.

Najua jibu linalokuja: shira ni sukari na maji na iliki, haitoki mtini. Jikoni kwetu, kweli. Lakini neno ni la Kiajemi, na Wairani mpaka leo wana shira ya zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, bila kuongezwa sukari. Maji ya mmea, moto, subira. Anachofanya shemeji na pipa lake kiko karibu zaidi na maana ya asili kuliko sufuria yangu ya Idi.

Wanaosema "asali ya mti" siwagombezi. Wazee walisema asali ya nyuki na asali ya mua. Lingekuwa neno la nyuki peke yao, nani angehangaika kuwataja? Ninaogombana nao ni wa "utomvu wa mepo". Utomvu ni wa papai bichi na wa fenesi, unanata mikononi mpaka upake mafuta. Haya ya mepo yakitoka mtini ni meupe kama ya kisima, utamu wake unausikia kwa mbali, na wenyewe huyanywa hivyohivyo.

Na hapo, shem, nakuachia nafasi. Yakiwa bado kwenye ndoo, ukiyaita sharubati sitanuna. Yakiwa kwenye trei ni maji tu yanayochemka, mpaka kipimajoto kipande nyuzi 4 za Selsiasi juu ya pale maji matupu yanapochemkia hapo kwenu. Ukishayachuja kwa kitambaa cha sufu na kufunga kifuniko, kwenye chupa yangu andika shira ya mepo.