Kwa Nini Wagargari wa Kale Huhesabiwa Kuwa Mababu wa Waingushi?

Waingushi ni taifa dogo linaloishi kwenye miteremko ya kaskazini ya Milima ya Kaukazi, ndani ya Urusi ya leo, mpakani na Georgia. Wao wenyewe hujiita Ghalghai. Jina la Waingushi lilitokana na kijiji cha Angusht, nao Warusi ndio waliolieneza. Lugha yao inafanana sana na Kichecheni, na mabonde yao, hasa bonde la mto Assa, yamejaa minara mirefu ya mawe ambayo kila ukoo ulijijengea kwa ajili ya makazi na ulinzi. Je, wajua kwamba wapo wataalamu wanaowaunganisha watu hawa na kabila lililotajwa miaka 2000 hivi iliyopita, na kwamba kiungo chenyewe kwa sehemu kubwa ni neno moja?

Kabila hilo ni Wagargari. Habari zao tunazipata kwa Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 1 BK, naye alizinukuu kutoka kwa waandishi waliomtangulia. Anasema kwamba Wagargari walipakana na Waamazoni, wale wanawake wapiganaji wa hadithi za Kigiriki, katika vilima vya kaskazini vya Kaukazi. Kila majira ya kuchipua, kwa muda wa miezi miwili, pande zote mbili zilipanda mlima uliowatenganisha, zikatoa sadaka pamoja, kisha wanaume na wanawake wakakutana gizani bila kuchaguana, ili wapate watoto. Watoto wa kike walibaki kwa mama zao, na wa kiume walipelekwa kwa Wagargari. Hapo ndipo penye jambo linalonigusa zaidi katika simulizi lote: kwa kuwa hakuna mwanamume aliyeweza kujua mwanawe ni yupi, kila aliyeletewa mtoto alimpokea na kumlea kama damu yake. Strabo mwenyewe aliziona habari za Waamazoni kuwa ngumu kuaminika, nasi hatuna sababu ya kuziamini kuliko yeye. Hata hivyo, jina la jirani halisi linaweza kuhifadhiwa ndani ya hadithi ya kubuni.

Katika Kiingushi, neno "gargara" lina maana ya aliye karibu, na "gargara nah" ni watu wa karibu, yaani jamaa. Mwanaakiolojia wa Kisovieti Evgeny Krupnov, aliyeichunguza Kaukazi ya Kaskazini kwa miaka mingi, alilitegemea neno hilo alipowahusisha Wagargari na mababu wa Waingushi. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na maana hizo mbili kukaa katika neno moja, kwa kuwa maneno yetu "karibu" na "akraba" yamechipuka kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Si ajabu basi watu kujiita "jamaa" mbele ya wageni.

Lakini majina yanayofanana si ushahidi wa kutosha, na hapa kuna kikwazo kikubwa. Mwanahistoria wa Armenia Movses Khorenatsi anaeleza kwamba Mesrop Mashtots, mtu wa karne ya 5, alisaidia kuitungia herufi lugha ya Wagargari, ambayo anaibeza kwa sauti zake kali za kooni. Wagargari hao waliishi kusini ya milima, katika ufalme wa Albania ya Kaukazi, ambao haukuwa na uhusiano wowote na Albania ya Ulaya, kwenye nchi tambarare zilizoko Azerbaijan ya leo. Maandishi ya Albania hiyo yaliyogunduliwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai, na kuchapishwa kuanzia 2008, yameonyesha kwamba lugha yake ilikuwa mzazi wa Kiudi, ambacho bado kinazungumzwa katika kijiji cha Nij nchini Azerbaijan. Kiudi na Kiingushi ni lugha za ukoo mmoja mpana wa Kaukazi ya Kaskazini-Mashariki, ila ziliachana zamani mno. Kwa hiyo Wagargari wa Khorenatsi wangekuwa binamu wa Waingushi kuliko kuwa babu zao, na kudai kwamba ndio wale wale wa Strabo, au kwamba ni wengine kabisa, ni kukisia.

Kwa maoni yangu, anayetafuta mababu wa Waingushi atapata msingi imara zaidi kwa Wadurdzuki. Hao wanatajwa katika kumbukumbu za kale za Wageorgia, zinazohusishwa na Leonti Mroveli wa karne ya 11, ambazo zinawaweka katika milima ile ile wanamoishi Waingushi na Wachecheni. Zinasema kwamba mfalme wa kwanza wa Georgia, Pharnavaz, alioa binti wa Kidurdzuki, na kwamba mwanawe Saurmag, wakuu wa nchi walipopanga kumuua, alikimbilia milimani kwa wajomba zake, akarudi na jeshi lao na kukitwaa tena kiti chake.