Kabla hujalipa mtandaoni, jua pesa zitarudi kwa njia gani

Watu wengi huniuliza, "Hili duka la mtandaoni ni la kweli?" Swali zuri, ila mimi hulitanguliza lingine: pesa zikishatoka, nani ana uwezo wa kuzirudisha? Duka feki hutengenezwa kwa saa chache tu, likanakili picha, nembo na hata masharti ya duka halisi neno kwa neno. Kwa hiyo mwonekano hauthibitishi kitu. Njia ya malipo ndiyo inayoamua kama utapoteza siku mbili za usumbufu au pesa zote.

Ukilipa kwa kadi ya mkopo na mzigo usifike, unaweza kupinga muamala kupitia benki iliyokupa kadi. Kwa kanuni za Visa na Mastercard, dirisha la kupinga kwa kawaida ni siku 120. Kadi ya kawaida inayokata moja kwa moja kwenye akaunti nayo hupingwa, lakini hapo pesa zako zimeshatoka na utasubiri bila kuwa nazo. PayPal inatoa siku 180 tangu siku ya malipo, ilimradi umelipa kama mnunuzi wa bidhaa. Muuzaji akikuambia uchague kutuma kama kwa rafiki au ndugu "ili tukwepe makato", anakutaka uvue ulinzi wote. Kama makato yanamuuma, jitolee kuyalipa wewe. Akikataa hata hapo, umeshapata jibu lako.

Upande wa pili kuna uhamisho wa benki, pesa za simu kwenda namba ya mtu binafsi, sarafu za kidijitali na kadi za zawadi. Pesa hizo hutolewa au kuhamishwa ndani ya dakika chache, na mara nyingi hakuna wa kuzizuia. Kadi za zawadi hazina mjadala: muuzaji wa bidhaa akitaka umsomee namba za kadi ya zawadi, ni tapeli. Vilevile anayekukuta kwenye soko kubwa la mtandaoni kisha anakuvuta mhamie WhatsApp kwa ahadi ya punguzo. Ukilipia huko nje, soko halina rekodi ya muamala, hivyo halina cha kukurudishia.

Anwani isomwe kutoka kulia

Ushauri wa "angalia alama ya kufuli" kando ya anwani ya tovuti umepitwa na wakati, na nasikitika bado unasambazwa. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefungwa wengine wasiyasome. Halikusema lolote kuhusu mwenye tovuti. Tangu 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa bure vyeti vinavyowasha kufuli hilo kwa yeyote mwenye domeini (jina la tovuti), tapeli akiwemo. Mwaka 2023 Google waliliondoa kufuli hilo kwenye Chrome, kwa sababu watu walilichukulia kama muhuri wa uaminifu.

Soma anwani yenyewe. Chukua hii ya kubuni: jina-la-duka.com.malipo-haraka.net/oda. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto: mwenye tovuti ni malipo-haraka.net. Kile cha mwanzo kinachofanana na duka unalolijua ni pambo tu, mtu yeyote anaweza kukibandika. Kwenye simu sehemu ya anwani ni finyu na huonyesha kipande tu, kwa hiyo iguse uione yote. Programu ya kutunza nywila husaidia sana hapa: ikigoma kujaza nywila kwenye tovuti unayodhani ni ileile ya siku zote, usiijaze kwa mkono. Imelinganisha herufi zote, na wewe umeangalia rangi na nembo.

Halafu angalia umri. Ingiza domeini kwenye lookup.icann.org usome tarehe ya kusajiliwa. Jina la mmiliki siku hizi mara nyingi limefichwa, lakini tarehe kwa kawaida ipo. Duka linalojisifu kwa "miaka 15 ya huduma" huku domeini ina wiki tatu halihitaji uchunguzi zaidi. Domeini kuukuu inaweza kununuliwa, kwa hiyo pitia pia web.archive.org uone ilikuwa na nini zamani. Blogu ya mapishi iliyogeuka ghafla duka la kompyuta si dalili njema. Picha za bidhaa zitafute kwa Google Lens au TinEye, zana zinazoonyesha picha hiyo imetumika wapi kwingine. Picha ileile ikiwa kwenye maduka kumi yenye majina tofauti, uwezekano mkubwa ni kwamba huyo muuzaji hana mzigo mkononi.

Namba ya uthibitisho: soma SMS nzima

Yapo maduka feki yanayopokea kadi kwa furaha, kwa kuwa yanachotaka ni kadi yenyewe. Unajaza namba za kadi, SMS ya uthibitisho inaingia, unaikopi haraka bila kusoma. Mara nyingine SMS hiyo haihusu ununuzi wako hata kidogo: inaidhinisha kadi yako iunganishwe na Apple Pay au Google Pay kwenye simu ya mtu mwingine. Kuanzia hapo ananunua kwa kugusisha simu yake. Kabla ya kuandika namba hiyo, hakikisha kiasi na jina la muuzaji ni vile ulivyotarajia. Ukiona neno linalohusu kuongeza kadi au kusajili kifaa, funga ukurasa na upigie benki simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Mzigo "umefika" na hujauona

Huu ni utapeli unaowashinda hata wazoefu. Muuzaji anatuma bahasha nyepesi kwenye anwani nyingine ya mji uleule wako, kisha anakupa namba ya kufuatilia. Mfumo unaandika kwamba mzigo umepokelewa. Ukilalamika, anawasilisha ukurasa huo kama ushahidi. Nenda kwa kampuni ya usafirishaji, omba kwa maandishi uzito wa kifurushi na uthibitisho kwamba hakikupelekwa kwenye anwani yako. Gramu 20 haziwezi kuwa kompyuta mpakato.

Kikija kifurushi chenye takataka, chagua sababu sahihi unapofungua mgogoro kwa PayPal au benki: "tofauti na maelezo". Ukiandika "haukufika" wakati rekodi inaonyesha ulipokea, utashindwa mapema. Kwa kitu cha bei kubwa, rekodi video moja isiyokatwa, ukianza na lebo ya nje na gundi ikiwa haijaguswa, hadi kitu kitoke ndani.

Baada ya hapo tegemea kucheleweshwa. "Mzigo uko forodhani, vumilia wiki mbili." "Nikurudishie asilimia 20, ubaki na mzigo." "Funga malalamiko kwanza ndipo mfumo uniruhusu kukurudishia." La mwisho ndilo baya kuliko yote, maana kwa PayPal mgogoro uliofungwa haufunguliwi tena. Yale mengine yanakula muda mpaka dirisha lifungwe. Mwambie arudishe pesa mgogoro ukiwa wazi, inawezekana.

Ukishatapeliwa

Piga simu benki au kwa mtoa huduma wa pesa za simu mara moja, hata usiku. Wakati mwingine salio la mpokeaji bado lipo na linaweza kuzuiwa. Funga kadi. Badilisha nywila, na popote ulipotumia nywila hiyohiyo. Hifadhi skrinshoti za tangazo, mazungumzo, anwani kamili ya tovuti na risiti kabla havijafutwa, kisha ripoti polisi ili upate namba ya jalada, kwani benki inaweza kuidai.

Siku chache baadaye huenda akakutafuta mtu anayejiita mtaalamu wa kurejesha pesa zilizotapeliwa, akijua mpaka kiasi ulichopoteza. Amekijua kwa sababu orodha za waliotapeliwa huuzwa, au kwa sababu ni yuleyule. Atataka ada kidogo ya kuanzia. Usilipe: malalamiko ya kadi unayafungua mwenyewe kwa benki yako, bila mtu wa kati.