Kiu hii si ya kaskazi tu: kuzitambua mapema dalili za kisukari

Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba hadi Machi, hakuna Lamu asiyeona kiu. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza msimu mzima akinywa maji jagi kwa jagi, na nyumbani asiwepo wa kumuuliza. Wengi wanaofika kliniki sukari ikiwa imeshapanda sana hutuambia, "Nilidhani ni joto."

Kiu ya jua na kiu ya sukari hutengwa na mkojo. Aliyekaukiwa na maji kwa kushinda juani hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa manjano iliyokolea. Mwenye kisukari hunywa sana na bado hukojoa mkojo mwingi, mweupe, mchana na usiku. Sukari ya damu ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini. Inayobaki hutoka na mkojo, na ikitoka huvuta maji. Kwa hiyo si kwamba anakojoa sana kwa kuwa amekunywa sana. Anakunywa sana kwa kuwa maji yanamtoka. Sisimizi wakijaa mahali alipokojoa, msilipuuze, ingawa wasipoonekana haina maana kwamba yu salama.

Usiku ndio unaosema zaidi. Mtu aliyezoea kulala moja kwa moja hadi adhana ya alfajiri akianza kuamka mara mbili tatu kwenda haja ndogo, apime. Kwa wanaume wazee huenda ikawa tezi dume, lakini hiyo kwa kawaida hutoa mkojo kidogo kidogo na kwa shida. Wa sukari hutoka mwingi kila anapoamka.

Kisha kuna kukonda huku mtu anakula vizuri, na uchovu usioisha hata baada ya kulala. Sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli, basi mwili unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe. Huku kwetu kukonda kwa ghafla hutafutiwa sababu kwenye jicho na husda. Dua isomwe, ni jambo la kheri, lakini na damu ipimwe siku hiyo hiyo.

Macho nayo hudanganya. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika: leo mtu anaona vizuri, kesho ukungu. Nawasihi, mtu asikimbilie kununua miwani kabla ya kupima sukari, kwani ikishatulizwa miwani ile huenda isimfae tena.

Mwanamke anayerudiwa na fangasi na muwasho ukeni, na mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za kiume, mara nyingi hunyamaza kwa haya. Mwambieni daktari. Miguu itazameni kila siku, hasa wanaotembea peku ufuoni na kwenye mashua: ganzi, kuchomachoma nyayoni, au kidonda cha kukatwa na gamba la kombe kisichofunga kwa wiki mbili. Aliyeingia ganzi hukatwa asihisi.

Lakini kisukari cha aina ya 2, ambacho ndicho kilichoenea zaidi, kinaweza kukaa miaka bila dalili hata moja. Hivyo asingoje kiu yule mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mgonjwa wa sukari, mwenye kitambi, mwenye presha, au mama aliyepata kisukari cha mimba au kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4. Na ukiona ngozi ya shingo au kwapa imekuwa nyeusi na nene, mfano wa uchafu usiotoka kwa dodoki, usimsute mwenzio kwamba haogi. Hiyo huweza kuwa alama kwamba insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, haifanyi kazi vizuri mwilini mwake.

Kipimo ni tone la damu ya ncha ya kidole. Asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa 8 bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji, milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita ni onyo: lishe, uzito na mwendo vikirekebishwa sasa, ugonjwa huweza kuzuiwa. Kuanzia 7.0 ni kisukari, na asiye na dalili hurudia kipimo siku nyingine ili kuthibitisha. Mwenye dalili akipimwa saa yoyote akakutwa na 11.1 au zaidi, hana sababu ya kungoja.

Watoto ni habari nyingine, kwao ugonjwa huu huenda mbio. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akarudia, anakunywa maji bila kutosheka na anakonda, apimwe leo. Akianza kutapika, kuumwa na tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, au pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva mno, hiyo ni dharura. Msimpe dawa ya malaria mkalala mkisubiri kuche. Mkiwa kisiwani Pate, kama Faza au Kizingitini, tafuteni boti mara moja mumfikishe hospitali kubwa, na mkifika tu semeni wazi kwamba mnataka apimwe sukari.