Klachi mpya ya gari la kasi: dhana potofu zinazoshusha giaboksi bure

Mwenye Subaru Impreza WRX, au gari jingine la turbo lenye gia za mkono, akirudi gereji kulalamika kwamba klachi ya spea aliyofungiwa mwezi uliopita inasumbua, jibu la kwanza huwa ni kushusha giaboksi. Hiyo ni kazi ya siku nzima, tena hufuta ushahidi, kwa sababu mfumo ukishafunguliwa hakuna tena njia ya kujua pedali ilikuwa ikisukuma kiasi gani wala hewa ilikuwa imejificha wapi. Makosa mengi yanayobebeshwa klachi mpya yako katika vitu vinavyoizunguka, na sehemu kubwa yake hupimika giaboksi ikiwa mahali pake.

Kabla ya dhana yoyote, maradhi mawili yatenganishwe. Klachi inayoteleza haishiki vya kutosha: mizunguko ya injini hupanda na mwendo haupandi. Klachi isiyoachia hufanya kinyume chake, yaani pedali imekanyagwa hadi chini lakini injini bado inaburuta shafti ya giaboksi, hivyo gia hukataa kuingia au hukwaruza. Marekebisho yanayotibu moja yanaweza kuzidisha jingine, na ndiyo maana kauli ya "klachi ni mbovu" haimsaidii fundi hata kidogo.

"Pedali ikiwa ngumu, klachi ina nguvu"

Dhana hii ina mizizi mirefu, na imewaumiza watu magoti kwenye foleni za Nairobi bila faida. Uwezo wa klachi kubeba torki, yaani nguvu ya kuzungusha, hutokana na mambo manne yanayozidishwa pamoja: kiwango cha msuguano cha pleti (sahani inayosuguana), nguvu ya presha pleti inayoibana pleti hiyo kwenye flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye injini), wastani wa nusu kipenyo cha eneo linalosuguana, na idadi ya nyuso zinazogusana. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Msuguano ukiwa 0.3, nguvu ya kubana niutoni 8,000, nusu kipenyo mita 0.1, na nyuso mbili za pleti moja, jibu ni niutoni mita 480. Ukibadilisha pleti peke yake ukaweka yenye msuguano wa 0.4, jibu linapanda hadi 640 bila pedali kuongezeka ugumu wowote. Ukiacha msuguano ule wa 0.3 na kufunga pleti mbili zenye nyuso nne, unafika 960 kwa presha pleti ileile. Ugumu wa pedali hutegemea pia urefu wa mkono wa pedali na ukubwa wa masta silinda (inayosukumwa na pedali) na silevu silinda (inayopokea msukumo huo kwa mafuta upande wa giaboksi). Ikiwa pedali ilikuwa laini wiki ya kwanza na sasa imekuwa ngumu, hiyo si nguvu. Huenda rilizi beringi, ile inayosukuma presha pleti ili klachi iachie, inakwama kwenye mrija wake, au uma unaoisukuma umekosa grisi.

Namba za "steji", ambazo wauzaji huzipa klachi kuonyesha ngazi ya nguvu, nazo zimezua imani yake. Hakuna kipimo cha pamoja kinachosema steji ya pili ni nini. Kila mtengenezaji hujipangia ngazi zake, na steji ya tatu ya mmoja inaweza kubeba torki ndogo kuliko steji ya pili ya mwingine. Kinachofaa kusomwa ni kiwango cha torki alichoandika mtengenezaji, kisha kilinganishwe na torki ya injini, wala si na nguvu ya farasi.

"Klachi mpya haiwezi kuteleza"

Inaweza, tena mapema sana. Nyuso mpya zinahitaji kuzoeana, na watengenezaji wengi huagiza takriban kilomita 800 za mwendo wa kawaida wa mjini, wenye kubadilisha gia mara kwa mara, kabla ya kukanyaga mafuta hadi mwisho. Kilomita 800 za barabara kuu katika gia ya tano si kitu, kwa kuwa klachi haifanyi kazi ikiwa imeshika tu. Pleti ya Kevlar (nyuzi ngumu za sintetiki) ndiyo yenye kinyongo zaidi: ikiungua kabla ya kuzoea, uso wake hung'aa kama kioo na huenda isirudi tena katika hali yake.

Sababu nyingine ni flaiwili ya zamani iliyorudishwa bila kusawazishwa kwa mashine. Zipo flaiwili zenye ngazi, ambako mahali presha pleti inapofungwa pametofautiana kimo na mahali pleti inapogusa. Fundi wa mashine akikwangua upande mmoja na kuuacha mwingine, nguvu ya kubana hubadilika, na mwenye gari humlaumu aliyemuuzia klachi. Mafuta yanayovuja kwenye sili ya nyuma ya injini au sili ya shafti ya giaboksi huharibu pleti yoyote, iwe ya bei gani. Hatimaye kuna pedali isiyo na mchezo (safari tupu kabla haijaanza kusukuma) hata kidogo juu yake, hali inayoifanya rilizi beringi iendelee kuisukuma presha pleti ingawa dereva ameondoa mguu.

Kipimo chake ni rahisi, ila kifanyiwe barabara tupu. Ingia gia ya nne katika mizunguko 2,500 hivi, kanyaga mafuta yote, utazame geji ya mizunguko. Klachi dhaifu huteleza karibu na kilele cha torki, turbo inapojaa, na si kwenye mizunguko ya mwisho kabisa kama wengi wanavyodhani. Usirudie mara nyingi, maana kila jaribio la klachi inayoteleza ni kuichoma. Jambo ambalo nadra kulisikia likitajwa ni mwinuko: Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo injini hutoa torki pungufu kuliko inavyotoa Mombasa. Klachi iliyo ukingoni mwa uwezo wake inaweza kufaulu jaribio Thika Road na kuteleza Nyali bila kuharibika kitu njiani.

"Gia ikikwaruza, pleti imefungwa vibaya au sinkronaiza zimekwisha"

Niliwahi kulipia giaboksi ishushwe mara mbili kwa sababu rivasi ilikuwa ikilia kila injini ilipopata moto. Mara zote mbili klachi ilikutwa nzima. Ubaya ulikuwa kwenye hosi ya mpira iliyozeeka, ambayo ilivimba kila pedali ilipokanyagwa, hivyo sehemu ya msukumo ikaishia humo badala ya kufika silevu silinda. Hosi ile ilionekana kwa macho bila kufungua chochote, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli yangu ya siku zile.

Mpangilio wa uchunguzi ungekuwa huu. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, kanyaga klachi, subiri sekunde kumi, kisha tia rivasi. Katika giaboksi nyingi rivasi haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia kabla hazijaingia), kwa hiyo ikikwaruza baada ya kusubiri, shafti bado inazungushwa. Sasa pampu pedali mara tatu nne za haraka na ujaribu tena. Ikiingia vizuri, tuhuma ihamie kwenye haidroliki: hewa ndani ya mfumo, masta silinda inayopitisha mafuta kwa ndani, au hosi. Ikiwa hakuna mabadiliko, msaidizi akanyage pedali nawe upime safari ya fimbo ya silevu silinda, ulinganishe na kiwango cha mtengenezaji. Safari ikiwa kamili na gia bado zinalia, hapo ndipo kushusha giaboksi kunapokuwa na maana. Na katika kujaza mfumo, yatumike mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya ndani, na kosa hilo huua silinda zote mbili.

Wapo wanaotibu hali hii kwa kurefusha fimbo ya pedali mpaka mwisho. Springi ya dayaframu, ile ya presha pleti, ikisukumwa kupita kiasi chake huweza kupinda au kugusa pleti, na mchezo wa juu hutoweka. Baadhi ya klachi za spea huja na agizo la kuweka kizuizi chini ya pedali kwa sababu hiyohiyo.

"Kelele na mtetemo ni dalili za kifo"

Inategemea kelele inasikika lini. Ikitokea pedali inapokanyagwa, mshukiwa ni rilizi beringi. Ikisikika katika nyutro mguu ukiwa nje na kupotea unapokanyaga, tazama beringi ya shafti ya giaboksi. Klachi za pleti mbili hugonga-gonga pedali ikiwa chini, kwa sababu pleti ya kati inaelea, na hilo ni umbile lake. Vivyo hivyo aliyeondoa flaiwili ya vipande viwili akaweka ya kipande kimoja atasikia gia zikicheza injini inapokuwa taratibu, na pleti ya seramiki isiyo na springi za katikati itatetema unapoondoka, hasa kwenye mlima. Flaiwili nyepesi, kwa njia, haiongezi nguvu ya injini. Huifanya tu ipande na kushuka mizunguko haraka zaidi.

Giaboksi ikishushwa kwa sababu halali, uangaliwe kwanza upande wa pleti uliotazama flaiwili, kwani ikigeuzwa haiachii kabisa. Kisha ziangaliwe pini za kulenga kati ya injini na giaboksi kama zote zipo, na meno ya shafti kama yana kutu au grisi iliyozidi na kurukia pleti. Katika kurudisha, jeki ibebe uzito wa giaboksi mpaka boliti zishike, kwa kuwa giaboksi ikiachwa ining'inie kwenye shafti hupinda pleti mpya kabla gari halijawashwa.