Sanamu ya Mandela pale London: usiangalie sura tu, angalia imesimama na nani

Mimi niko kitengo cha elimu kwa umma makumbusho, na kila nikiwaonyesha wanafunzi picha ya sanamu ya Mandela iliyoko Parliament Square, London, swali la kwanza ni lilelile, imefanana au haijafanana? Swali zuri tu, ila kwenye kazi yetu sura ndo tunaimalizia. Tunaanza na imewekwa wapi, nani alitangulia kuwepo pale, nani alikataa isiwekwe, mikono inafanya nini, na kitako chake, yani yale mawe yanayoibeba, yana kimo gani.

Hii ilizinduliwa tarehe 29 Agosti 2007 na Mandela mwenyewe alikuwepo, mzee wa miaka 89 wakati huo. Ina karibu mita 2.7 kwenda juu. Mchongaji ni Ian Walters, Mwingereza, na bahati mbaya alifariki 2006 kwahiyo siku ya sherehe hakuiona. Ni ya bronzi, yani shaba iliyochanganywa na bati, na watu wengi wanadhani ni pande zima la chuma kumbe ndani ni tupu kama chungu: fundi anafinyanga kwanza kwa udongo, anatoa kalibu, anaweka nta, nta inayeyushwa inatoka halafu shaba ya moto inamiminwa palepale nta ilipokuwa.

Sasa utamu uko kwenye mahali. Wazo lilianza na Donald Woods, mwandishi wa habari wa Afrika Kusini aliyekuwa rafiki wa Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi; Woods akafariki 2001, mkewe Wendy akaendelea nalo. Wao walitaka Trafalgar Square, uwanja mwingine wa hapohapo London, sio Parliament Square, na ukijua historia utawaelewa, maana pale Trafalgar ndo ulipo ubalozi wa Afrika Kusini, na nje ya ubalozi huo wanaharakati walikaa usiku na mchana, mvua na baridi ya Uingereza, kuanzia Aprili 1986 mpaka Mandela katoka jela Februari 1990. Halmashauri ya Westminster ikakataa. Ikawa kesi ndefu ya vibali, wataalamu wa sanaa nao wakagawanyika, wengine wakaiponda kazi yenyewe kabisa, na mwisho Trafalgar ikashindikana ikapatikana Parliament Square, mbele ya bunge.

Na hapo ndo mambo yakanoga kuliko hata walivyopanga, kwa sababu pale tayari alikuwepo Jan Smuts.

Smuts alikuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini mara mbili, 1919 mpaka 1924 na 1939 mpaka 1948. Ubaguzi wenye jina la apartheid uliletwa na chama kilichomshinda uchaguzi wa 1948, lakini hata chini yake mtu mweusi alikuwa anaishi kwenye nchi ya kutenganishwa, tusimsafishe sana. Wakati huohuo huko nje alisifika kwa kusaidia kuanzisha Umoja wa Mataifa. Na sisi wa Tanzania tunamjua kwa mlango mwingine, ndiye jenerali aliyeongoza jeshi la Waingereza kuwafukuza Wajerumani huku kwetu 1916, Moshi ikachukuliwa, baadaye Dar es Salaam. Sanamu yake ilichongwa na Jacob Epstein na iko pale tangu 1956.

Mwaka 1962 Mandela alitoroka nchini kwake kisiri akapitia Mbeya, akafika Dar es Salaam akaonana na Nyerere, serikali ya Tanganyika ikampa karatasi ya kusafiria maana pasipoti hakuwa nayo, akazunguka Afrika halafu akafika London. Akatembea na rafiki yake Oliver Tambo mpaka Parliament Square, wakamuona Smuts, wakataniana kwamba ipo siku na mtu mweusi atawekewa sanamu hapa. Utani nusu, nusu dua. Mwezi wa nane mwaka huohuo alikamatwa, akaja kutoka baada ya miaka 27. Siku ya uzinduzi aliusimulia utani huo, akasema Oliver angejivunia, lakini Tambo alishafariki 1993. Akaongeza kwamba sanamu ni ya mtu mmoja ila iwakilishe wote waliokataa kuonewa.

Tangu 2015 Mandela yupo pale na Gandhi pia, kazi ya Philip Jackson, kajifunika shuka kama kwenye picha yake ya 1931. Gandhi na Smuts walijuana vizuri kule Afrika Kusini, Smuts alimfunga jela, Gandhi akamshonea makubazi humohumo jela, na miaka mingi baadaye Smuts akayarudisha kwa heshima akisema hastahili kuyavaa. Ila msidhani kila mtu anamuona Gandhi hivyohivyo. Chuo Kikuu cha Ghana kule Legon sanamu yake iliwekwa 2016 ikaondolewa Desemba 2018, walimu na wanafunzi walilalamikia maneno aliyoandika kuhusu Waafrika alipokuwa kijana Afrika Kusini. Na Juni 2020 London ilipokuwa na maandamano, Churchill, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza ambaye naye ana sanamu pale, Gandhi na Mandela wote wakafungiwa ndani ya maboksi ya mbao wasidhurike. Hebu waza, Mandela kwenye boksi! Mimi binafsi picha ile naitumia darasani kuliko hata ya uzinduzi.

Kwahiyo ukipata nafasi ya kufika, kituo cha treni ni Westminster na hulipi kiingilio, piga selfi yako kwanza roho itulie. Halafu simama kwa Smuts, utamuona kaegemea mbele kama anatembea haraka, mikono kaificha nyuma mgongoni. Kisha sogea kwa Mandela, kitako chake kifupi unaweza kumfikia, kavaa shati lake la maua, na mikono yote miwili iko mbele, wazi, kama mtu aliye katikati ya maongezi na wewe.