Kibali cha anga si kibali cha ardhi

Wiki hii swali limerudi tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Dallas: "Si FAA wamesharuhusu hizi droni za mizigo? Sasa jiji linaingilia kwa lipi?" (FAA ni mamlaka ya usafiri wa anga ya serikali ya shirikisho ya Marekani.) Kabla sijajibu, mwingine akaandika kinyume chake: tukusanye saini, jiji lizipige marufuku zisipite juu ya mtaa wetu. Nafanya kazi ya kuandaa maombi ya vibali vya matumizi ya ardhi, na mabishano haya nayasikia kila mahali, hata kwa mawakili. Pande zote mbili zinakosea kosa lile lile. Zinadhani kuna ofisi moja yenye neno la mwisho juu ya jambo zima.

Haipo. Droni ikiwa hewani, mwenye amri ni serikali ya shirikisho kupitia FAA. Pale inapoondokea na kurudi ni ardhi, na ardhi ni ya jimbo kuitawala, pamoja na jiji kwa kiasi ambacho jimbo limeliachia. Wala haya si maoni yangu. FAA wenyewe walitoa taarifa mwaka 2018 wakasema miji haina ruhusa ya kutunga kanuni za urushaji wa ndege, lakini kwa kawaida inaweza kuamua mahali pa kutua kupitia mamlaka yake ya matumizi ya ardhi. Taarifa ile ni fupi na lugha yake ni nyepesi. Bado watu wananukuu nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Upande wa anga nitaupitia haraka. Kanuni za FAA za Sehemu ya 107, zilizoanza mwaka 2016, zinaruhusu droni isiyofika paundi 55, chini ya futi 400, rubani akiiona kwa macho. Kampuni inayobeba bidhaa za watu kwa malipo, mbali na upeo wa macho ya rubani, huomba cheti cha Sehemu ya 135, kile kile cha kampuni za ndege za kukodi. Wing walikipata mwaka 2019, UPS mwaka huo huo, Amazon 2020, Zipline 2022. Jiji la Newton, Massachusetts, lilitunga sheria ya kuzuia droni kupita chini ya futi 400 bila idhini ya mwenye eneo. Mkazi mmoja akashtaki, na mwaka 2017 mahakama ya shirikisho ikavifuta vifungu hivyo. Kwa Texas ni zaidi ya hapo: tangu 2017 sheria ya jimbo lenyewe inaizuia miji kudhibiti urushaji wa droni, isipokuwa katika mambo machache kama matukio maalumu. Kwa hiyo hizo saini za marufuku zina kuta mbili mbele yake.

Kuna wanaoniambia, "Hewa iliyo juu ya nyumba yangu ni yangu." Wakenya huniletea katiba yao ya 2010, na kweli kifungu cha 260 kinaiingiza anga iliyo juu ya ardhi katika maana ya ardhi. Hapa Marekani kesi yenyewe ni ya Causby, mfugaji wa kuku wa North Carolina. Ndege za jeshi zilikuwa zikipita futi 83 juu ya shamba lake, kuku wakajigonga kutani kwa hofu hadi wakafa kama 150, biashara ikafa. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mwenye ardhi hana haki hadi mbinguni, ila ana haki ya ile hewa ya karibu anayoweza kuitumia pamoja na ardhi yake. Ni futi ngapi, mahakama haikusema. Droni za mizigo hupita juu ya futi 83 na chini ya zinakopita ndege za abiria, na Mahakama Kuu bado haijachora mstari katikati hapo. Atakayekwambia jambo hili limekwisha, awe wa kampuni au wa mtaa, anakuuzia uhakika ambao hana.

Sasa tuje kwenye kutua, maana ndiko watu wanakoharibu kabisa. Wengi wanaona picha ya droni ikishuka uani kwa mteja, wanataka jiji lisimamie nyua. Droni nyingi hazitui kwa mteja hata kidogo. Ya Wing husimama hewani kama futi 23 na kushusha kifurushi kwa kamba. Ile mpya ya Zipline hubaki juu karibu futi 300, ikateremsha kwa waya chombo kidogo chenye mzigo. MK30 ya Amazon huachia boksi kutoka kimo cha futi 13 hivi. Inapokaa chini ni mahali pamoja tu, kituoni, na kila safari ya siku hiyo huanzia na kuishia hapo. Mteja akiagiza dawa ya kikohozi mara moja kwa mwezi, huisikia droni mara moja kwa mwezi. Jirani wa kituo huzisikia zote.

Mji wa College Station hapa Texas ulionyesha hilo waziwazi. Kituo cha Amazon kilikuwa karibu na makazi, na mwaka 2024 kampuni ikaomba FAA iiruhusu kutoka safari 200 hadi 469 kwa siku. Wakazi walikuwa wameshachoshwa na kelele. Meya, John Nichols, akawaandikia FAA barua ya kupinga ongezeko. Zingatia kwamba aliandika barua. Hakutoa amri, kwa sababu safari kwa siku ni suala la anga na hana mamlaka nalo. Mwaka 2025 Amazon ikaondoka pale, mkataba wa pango ukifika ukingoni. Nafasi ya kusema kituo kikae wapi huwa kabla droni ya kwanza haijapaa, kwenye kikao cha mipango ambacho watu wengi hawahudhurii.

Ombi lenyewe la kituo likoje? Chukua maegesho ya duka kubwa: kipande kimezungushiwa uzio, kuna safu za pedi za kuchajia, konteina moja, nyaya na taa. Afisa mipango huuliza kwanza tukiite nini, kwa sababu sheria yake ya zamani haikitaji. Ukikiita kiwanja cha ndege, unaangukia kwenye masharti ya helikopta. Ukikiita ghala, eneo la rejareja halikubali ghala. Kwa hiyo wengi hukiita shughuli ya ziada ya duka, na ombi linapita bila kikao. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Ni shughuli ya ziada ikiwa kinapeleka bidhaa za duka lile. Kikianza kubeba chakula cha mikahawa ya jirani na dawa za kampuni nyingine ya maduka, kimeshakuwa biashara inayojitegemea, na kinapaswa kuomba upya kwa jina lake. Nikiuliza bidhaa zitatoka wapi, huwa naambiwa "tutaona baadaye."

Kuna pia hesabu ya maegesho. Duka lilipata kibali kwa sharti la idadi fulani ya nafasi za magari. Kituo kikizimeza, duka limevunja sharti lake mwenyewe. Florida waliliona hilo. Sheria yao ya 2024 inasema kituo cha droni kikiwekwa ndani ya maegesho ya eneo la biashara, nafasi hazihesabiwi kuwa zimepungua. Inakieleza kituo kuwa jengo la peke yake lisilozidi futi za mraba 1,500 na kimo cha futi 36, mahali pasipo makazi, na inayakataza majiji kunyima kibali kwa sababu ya mahali kilipo. Yameachiwa masharti ya kawaida ya umbali kutoka mpaka wa kiwanja na ya upandaji miti, yale yale ya kila jengo la eneo hilo.

Hesabu ya maegesho naiunga mkono. Mengine yananisumbua sana. "Mahali pasipo makazi" ni rangi kwenye ramani ya jiji. Nyuma ya duka kuna uzio, na nyuma ya uzio kuna chumba cha mtoto. Umbali wa kawaida kutoka mpaka uliwekwa kwa ajili ya kuta na mapaa, haukuwekwa kwa ajili ya mashine inayopaa mchana kutwa. Jimbo lingeweza kuyazuia majiji yasikatae ovyo na bado likayaruhusu kudai umbali maalumu kutoka nyumba za watu.

Kuna jambo moja ambalo hata sisi wa kazi hii hatulali nalo vizuri: saa za kazi. Jiji laweza kuweka sharti kwamba kituo kisifanye kazi kabla ya saa moja asubuhi? Kwa duka la matairi, ndiyo, bila ubishi. Kwa kituo cha droni, kesi ya Burbank ya 1973 imesimama njiani. Jiji lile la California lilizuia ndege za jeti kuruka kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, Mahakama Kuu ikalifuta katazo kwa kura tano dhidi ya nne. Kampuni ikishtaki, itasema sharti la saa ni katazo la kuruka lililovaa nguo za ardhi, na sina hakika kwamba itashindwa. Kwa sasa nazishauri kampuni ziandike saa zao ndani ya ombi kwa hiari. Zikija kuzivunja, sijui jaji atasemaje.

Wanaoniuliza mbona Rwanda walianza mapema, Oktoba 2016 pale Muhanga, wakumbuke kwamba Zipline walizungumza na serikali moja, na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mteja, kwa ajili ya damu ya hospitali zake. Hapa unazungumza na tatu.

Kwa ndugu zangu wa Texas, jambo la haraka. Eneo linapobadilishiwa matumizi, sheria ya jimbo inataka barua ya kikao itumwe kwa wenye mali walio ndani ya futi 200, kwa majina yaliyo kwenye orodha ya kodi ya ardhi. Mpangaji hayumo. Wengi wetu tumepanga kwenye maghorofa nyuma ya maduka haya, na barua inakwenda kwa mwenye jengo ambaye huenda anaishi jimbo jingine. Fungua mwenyewe ajenda ya tume ya mipango kwenye tovuti ya jiji. Idadi ya safari kwa siku usiitafute huko. Iko kwenye rasimu ya tathmini ya mazingira ya FAA, ambayo mara nyingi huwekwa wazi kwa maoni kabla ya uamuzi, na maoni ya mpangaji yanapokelewa sawa na ya meya.