Kuishi jirani na taka za mionzi: tunapima nini hasa

Malalamiko tunayopokea sisi wapimaji wa mionzi kuhusu maghala na mashimo ya taka za mionzi yameongezeka, na karibu yote huanza na swali moja: kutoka nyumbani kwangu hadi kwenye uzio ni mita ngapi? Umbali una uzito wake, lakini hauamui peke yake. Anayeishi mbali akanywa maji ya kisima kilichochimbwa upande ambako maji ya chini ya ardhi yanaelekea anaweza kupata dozi (kiasi cha mionzi kinachoupata mwili) kubwa kuliko mlinzi wa getini.

Ndiyo maana mtaalamu akibisha hodi huuliza kwanza. Mtoto mchanga ananyweshwa maji gani? Mboga zinamwagiliwa kwa nini? Nani huvua au kulisha mifugo huko? Tunakokotoa dozi ya yule aliye hatarini zaidi. Ukikificha kisima kwa kuogopa kitafungwa, wewe haumo kwenye hesabu.

Sampuli ya maji hatupokei kwenye chupa ya soda. Chombo husuuzwa, hujazwa mbele ya shahidi, hutiwa asidi kidogo ili viini vya mionzi, yaani atomi zinazotoa mionzi, visinate kwenye kuta zake, hubandikwa lebo ya mahali na saa, kisha kila anayekishika husaini fomu ya makabidhiano. Saini moja ikikosekana, mwenye eneo la taka atayapinga matokeo mahakamani.

Kikomo cha kimataifa kwa mwananchi ni milisiviati 1 (kipimo cha dozi) kwa mwaka, bila kuhesabu mionzi ya asili, ambayo wastani wake duniani hukadiriwa kuwa kati ya 2 na 3. Eneo moja la taka kwa kawaida hupangiwa isiyozidi 0.3. Kuvuka kikomo si kuugua. Ni mwenye leseni ya eneo hilo kutakiwa ajieleze, arekebishe kwa gharama zake, na akikaidi afungiwe na kushtakiwa.

Wala kuishi na aliyepigwa na mionzi hakuambukizi ugonjwa. Saratani ya jirani mmoja nayo haithibitishi kitu: uvimbe utokanao na mionzi kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, hivyo tunalinganisha rejesta za saratani, yaani orodha za wagonjwa waliogunduliwa, kwa umri na kwa miaka.

Kinachotutia hofu zaidi ni vyuma chakavu vyenye mionzi. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, chanzo cha mionzi cha sesiamu-137 (metali inayotoa mionzi) kilichotolewa kwenye kliniki iliyohamwa kilivunjwa na kuuzwa. Watu 4 walifariki, 249 wakakutwa wamechafuliwa. Ukiokota chuma chenye alama ya mionzi, usituletee ofisini. Kiache hapohapo, zuia watoto, piga simu.